Dagaa Safi Walioliwa Bunda

Wapendwa wanafunzi wa klabu ya sayansi, mnisamehe kwa mwandiko huu unaopanda na kushuka, na mahali nitakapokosea herufi msicheke sana, maana cheti nilichonacho ni cha darasa la saba tu. Mwalimu Mlezi wenu ameniomba niwaeleze kazi ya mashindano ilivyokuwaga wakati wangu. Kusimama mbele yenu siwezi, kwa hiyo nimechukua kalamu.

Siku ya kwanza nilikuwa kidato cha pili hapo hapo Bugwema. Mwalimu Mlezi wetu aliingia akauliza nani ana tatizo nyumbani kwao ambalo angependa kulitatua. Wengine walitaja umeme, wengine maji. Mimi niliangalia dawati. Pendo, niliyekaa naye, akauinua mkono wangu kwa nguvu.

"Huyu anasema dagaa wa kwao wana mchanga!"

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. "Basi ninyi wawili mmepata kazi," akasema.

Siku zile wengi kwetu tulianikaga dagaa chini, ufukweni. Sisi tulitengeneza chanja, yaani meza ya miti iliyotandikwa wavu mkuukuu, tukaanika wengine juu yake. Wale wa chini mwalimu aliwaita kundi linganishi. Maana yake ni wale unaowaacha katika hali ya kawaida, ili lile jipya ulilofanya upate cha kulilinganisha nalo. Tulichukua uzito sawa kutoka kila upande, tukaosha kwenye beseni, tukachuja maji kwa kitambaa, tukaukausha mchanga na kuupima. Tukarudia tena na tena, kwa sababu mwalimu alisema jambo likitokea mara moja linaweza kuwa bahati tu. Mimi nilipima. Pendo alieleza.

Tulishinda ngazi ya shule, tukapelekwa Butiama kushindana na shule za jirani. Pale Jaji Mkuu alikuwa mzee wa miwani minene. Pendo alieleza vizuri, mimi nimeshika mifuko ya sampuli, mmoja wa dagaa wa chini na mmoja wa dagaa wa chanja. Jaji akanigeukia. "Na wewe binti, ni msumari wa kutundikia mifuko?"

"Huyu ndiye anayejua, mheshimiwa," Pendo akamjibu. "Mimi natangaza tu."

Mzee akacheka, tukapita kwenda Bunda. Waliofanya vizuri Bunda wangekwenda kwenye mashindano ya taifa.

Kabla hatujaenda, baba yake Pendo alihamishia ng'ombe wake Mugeta, na familia yote ikahama pamoja naye. Mwalimu alisema kanuni zinaruhusu kushindana peke yangu. Nilifanya mazoezi nyuma ya nyumba, nikiwaelezea kuku. Kuku walisikiliza vizuri kwa sababu walikuwa wanawatamani dagaa.

Mwalimu alinitanguliza Bunda na mifuko ya sampuli nikalale kwa shangazi, yeye aje asubuhi na bango letu la maelezo.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mama! Pita, pita. Weee, na mzigo umetuletea! Kumbe ziwani hawajatusahau!"

Kwetu anayetoka ziwani haingii kwa ndugu bila samaki, na aliyeingia nao hasemi si wenu. Nilikuwa bado natafuta maneno, na mifuko yote miwili ilikuwa wazi. Shangazi akanusa, akaweka wale wa chini pembeni. "Hizi zina mchanga, tutapea kuku. Hizi ndizo zenyewe! Washa jiko mwanangu, nyanya ziko kwenye ungo."

"Shangazi..."

"Nini?"

"Chumvi iko wapi?"

Niliwapika mwenyewe. Watoto walilamba sahani. Nami nilikula, kwa sababu mgeni asiyekula anaulizwa anaumwa nini. Wale wenye mchanga niliwahi kuwaficha kabla hawajapewa kuku.

Asubuhi, kwenye ukumbi wa mashindano, alikuja mezani kwangu Jaji wa Baiolojia, mama mrefu mwenye kalamu sikioni. "Kundi linganishi nimeliona. Dagaa wa chanja wako wapi?"

"Wameisha."

"Wameisha vipi?"

Nikamtazama Mwalimu Mlezi. Alikuwa amesimama kando ya ukuta. Walimu hawakuruhusiwa kusema. Lakini shangazi alikuwa amekuja na majirani zake kunitazama, akapaza sauti toka nyuma ya kamba ya watazamaji: "Tumekula sisi jana! Kweli tena mwalimu, hata punje moja ya mchanga!"

Ukumbi wote ukacheka. Jaji naye akatabasamu. "Mama, nakuamini. Ila tumbo lako siwezi kulipima." Kisha akanigeukia, hacheki tena. "Sasa nieleze wewe, bila sampuli. Mlijuaje kwamba chanja ni bora?"

Nafasi yangu ilikuwa hapo. Beseni, kitambaa, mizani, vyote nilivijua. Nikatazama upande ambao Pendo alikuwaga anasimama. Jaji alingoja muda mrefu, tena kwa upole. Halafu akaandika kitu, akaenda meza ya pili.

Walioitwa kwenda taifa hawakuwa sisi. Tulipokuwa tunarudi nyumbani kwake shangazi alilia. "Kwa nini hukusema, mwanangu? Si ningekupikia mchicha!"

Mwaka uliofuata mama aliugua, nikabaki nyumbani na wadogo zangu, na kazi ya mashindano ikaishia hapo. Sasa naanika dagaa kwenye chanja zangu mwenyewe. Wanunuzi wanauliza bei, wanalipa, wanaondoka. Jibu la swali la yule jaji huwa nalisema lote nikigeuza dagaa, toka mwanzo hadi mwisho, na hakuna wa kulisikia. Pendo alituma salamu mara moja toka Mugeta, kisha kimya.

Mkichaguliwa kwenda Bunda, kila mmoja ajifunze kusema, hata yule anayetaka kupima tu. Halafu mniandikie. Mwalimu atanifikishia barua zenu. Msiniletee salamu peke yake. Niulizeni swali, kisha mningoje, hata nikichelewa kujibu.