Mkojo Uliochambuliwa

Baba yangu ameuza maharagwe maisha yake yote, tangu Butembo hadi hapa Goma, na hilo ndilo lililotuponza. Ana ugonjwa wa sukari. Daktari alitaka kujua kama umeshafika kwenye figo, kwa hiyo akaagiza mkojo wake wa siku nzima, usiku na mchana, ili maabara ipime protini inayovuja. Ikionekana nyingi, angemwanzishia dawa ya kulinda figo siku hiyohiyo. Alisema wazi: mkojo wote, usimwagwe hata kidogo.

Nilinunua bidoni mpya, dumu la plastiki, nikamwachia baba ajaze mwenyewe. Kesho yake nikapanda nayo pikipiki kutoka mtaani kwetu Katoyi, nimeipakata, na mwenye pikipiki akaniuliza, "Mama, ni pombe ya ndizi?" Nikakaza kifuniko. Kule maabara walisema mkojo ni kidogo. Nikamtetea baba: mzee hapendi kunywa maji.

Majibu yakawa mazuri! Daktari akasema tuendelee na vidonge vilevile vya sukari. Tulichinja kuku.

Miezi minne baadaye miguu yake ikavimba mpaka viatu vikamkataa. Akawa hawezi kufika msalani, nikaanza kumwaga mkojo wa ndoo yake ya chumbani. Povu tupu, kama nimekoroga sabuni.

"Papa, ile siku ya bidoni, hii povu ilikuwa?"

"Ilikuwa."

"Sasa iliendaka wapi?"

"Ile ya povu nilimwanga. Niliweka ile ya muzuri. Mutu hapelekee munganga kitu ya namna ile."

Hasira zilinipanda hadi nikakaa chini. Povu ndilo lenye protini! Ndilo walilokuwa wanatafuta! Lakini mtu huyu kwa miaka na miaka alichambua kiganja cha maharagwe ya kuwaonyesha wanunuzi, akitoa yaliyotobolewa na yaliyosinyaa, na sasa alikuwa amechambua mkojo. Na mimi, mjinga, nikamsemea.

Tulirudia. Safari hii niliweka kiti mlangoni pake, nikakesha hapo. Ilikuwa Jumapili, na hata misa nilimnyima. Aliniita askari. Kila alipomimina kwenye bidoni nilikuwa nimesimama pale naangalia, naye akigeuza uso, na sikumwonea huruma hata kidogo.

Majibu yakawa mabaya. Daktari alimweleza taratibu kwamba figo zake zimechoka sana, kwamba dawa ataianza leo, na kwamba ingemsaidia zaidi kama angeianza mara ya kwanza. Nilikuwa na maneno yangu tayari, makali, nikageuka nimwambie palepale.

Baba alikuwa anahangaika na mfuko wa koti. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, majibu yale ya kwanza, akayanyoosha vizuri mezani kwa viganja vyote viwili.

"Munganga," akasema, "hauwezi kufuata hii?"