Bojen na Bendera Mbili

Mjomba wangu Bojen Aeuckens alikuwa na ulimi mkali kuliko wanaume wote wa kisiwa chetu cha Helgoland, na watu walimpenda kwa sababu hiyo hiyo. Hata mimi nilimpenda. Leo nikiukumbuka ulimi ule, natamani angezaliwa bubu.

Kazi yake ilikuwa kutega kambakoche kwenye miamba ya kusini, kwa madema aliyoyasuka mwenyewe. Kiangazi aliwashusha wageni kwa mashua, kwa kuwa meli kubwa zilitia nanga mbali. Wageni walikuja kuoga baharini na kuvuta hewa safi, lakini kwanza bahari iliwakamua. Walipopanda ngazi wakiwa wamepauka, matapishi yangali kwenye kola, walitukuta tumejipanga pande mbili za njia, wakubwa kwa wadogo, tunawangoja tuwasute. Ndiyo mila yetu, na njia yenyewe tunaiita Uchochoro wa Masuto. Anayesutwa haruhusiwi kukasirika. Akikasirika amekwisha, atasutwa mpaka siku ya kuondoka.

"Bwana mkubwa, chai ya asubuhi umewaachia samaki?" Mjomba alikuwa akiuliza kwa adabu zote, kofia mkononi. "Na wewe mama, huyo mume umemtoa wapi? Mrudishe jikoni, bado mbichi!"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kwetu heshima ya mwanamume haikuwa mali wala cheo. Ilikuwa kutokosa jibu pale uchochoroni, na Mjomba hakuwahi kulikosa.

Mwaka 1890, nikiwa na miaka tisa, wakubwa wa Ulaya walikaa mezani wakagawana vya watu. Malkia wa Uingereza, aliyekuwa akitawala kisiwa chetu, alikitoa akampa Kaisari wa Ujerumani. Kaisari naye akakubali kutomwingilia Malkia huko Unguja na pwani yake. Sisi hatukuulizwa, na nasikia Waunguja nao hawakuulizwa. Watu wakibadilishana kuku, kuku haulizwi.

Mkataba wao ulisema hivi. Wenyeji waliokwisha kuzaliwa siku ya saini hawataitwa jeshini na Wajerumani. Watakaozaliwa baada ya hapo wataitwa. Njia ya kumwepusha mtoto ilikuwa moja tu: baba aende ofisi ya serikali kabla ya mwaka 1892 kuingia, atamke kwamba anachagua kubaki raia wa Uingereza, na watoto wake wamfuate. Stina, mke wa Mjomba, alijifungua mtoto wa kiume wiki ya pili baada ya saini. Wakamwita Rickmer.

"Baba Rickmer, nenda kachague," Stina alimwambia, mtoto yuko kifuani.

"Kuna haraka gani? Babu yangu alizaliwa chini ya Wadenmark, akafa chini ya Waingereza, na kambakoche hawakubadilika ladha."

"Sisemi habari ya kambakoche. Nasema habari ya huyu."

Tatizo ni kwamba Mjomba alikuwa ameshajifunga kwa mdomo wake mwenyewe. Siku bendera ilipobadilishwa, watu walimwuliza uchochoroni, mbele ya umati, atachagua nani. Akajibu, "Kati ya Malkia na Kaisari? Hata mmoja sijamposa. Mke ninaye, na huyo mmoja tu ananitoa jasho!" Kisiwa kizima kilicheka. Wageni wakayabeba maneno yale mpaka Hamburg, na mwaka uliofuata wakarudi nayo. Mjomba akawa mtu maarufu kwa kutochagua.

Stina hakuchoka kumkumbusha, mwaka na miezi. Basi Desemba ya 1891, muda ukiwa unakwisha, Mjomba akavaa koti la kanisani, akanishika mkono, tukatoka kwenda ofisini. Njia ya kawaida ya kwenda huko hupita uchochoroni. Kipupwe hakukuwa na wageni, lakini wanaume walikuwa wamekaa palepale wakishona nyavu, na miongoni mwao alikuwamo Klaas Lührs, mwenzake wa mashua.

"Ee Bojen!" Klaas alipaza sauti. "Koti la kanisani, na leo Jumanne? Kafa nani?"

"Hajafa mtu," mwingine akadakia. "Jamaa anakwenda kuposa!"

"Haa! Msalimie Malkia! Mwambie bi mkubwa nyumbani hana kinyongo!"

Nilihisi mkono wa Mjomba ukikaza juu ya wangu. Masikio yake yalikuwa mekundu. Nilingoja jibu, maana siku zote jibu lilikuja. Lilipokuja lilikuwa hili: "Nakwenda kununua tumbaku, wapumbavu nyie." Tukaenda dukani, akanunua tumbaku, tukarudi.

"Umechagua?" Stina akauliza mlangoni.

"Kesho."

Kesho ile haikuja. Mwaka ukaisha. Baadaye ndipo tulipojua kwamba Klaas, aliyecheka kuliko wote, alikuwa ameshakwenda ofisini wiki moja kabla, kwa njia ya nyuma, kimya kimya, akachagua Uingereza kwa ajili ya mwanawe mchanga, Jasper. Klaas yu hai mpaka leo, na tukikutana namwamkia. Kumsamehe ni jambo lingine.

Rickmer akakua. Hakuchukua ulimi wa baba yake. Alikuwa mtoto mpole, mwenye mikono mizuri ya kusuka dema. Wakati huo huo Wajerumani na Waingereza walishikwa na wazimu wa manowari. Huyu akiunda moja, yule anataka mbili. Huyu akitoa hotuba, yule anamwita balozi wake nyumbani. Magazeti ya wageni yalihesabu manowari kama watoto wanavyohesabu gololi, na wazee wazima wenye ndevu walisoma hesabu hizo kwa sauti huku wakila kambakoche wetu. Kisha wazimu ukashuka kwetu. Wakatoboa mwamba wakaweka mizinga. Wakaleta mawe na zege, wakajenga bandari ya kivita juu ya miamba ya kusini, palepale madema ya Mjomba yalipokuwa yakilala tangu enzi za babu yake. Maofisa waliposhuka wamepauka kama wageni wengine, tuliamriwa tunyamaze.

Mwaka 1911 Rickmer alitimiza miaka ishirini na mmoja, wakamwita jeshi la maji kwa miaka mitatu. Jasper wa Klaas alibaki nyumbani, anavua, anaoa.

"Mama, usilie," Rickmer alisema siku ya kuondoka. "Manowari yetu itazunguka hapa hapa nje. Moshi wa jiko lako nitauona."

Stina hakumgombeza mumewe hata kwa neno moja. Angemtukana ingekuwa nafuu. Mjomba akaacha kwenda uchochoroni, na alipoitwa aende akawachekeshe wageni, alisema ana kazi.

Agosti 1914 vita vikaanza, na jambo la kwanza Wajerumani walilofanya kisiwani ni kututoa sisi. Tulipewa muda wa kufunga kifurushi kimoja kimoja, tukaamriwa kuacha funguo mlangoni, tukapakiwa melini. Vijana kama Jasper, waliokuwa raia wa Uingereza, walitengwa wakapelekwa kambini kama maadui; wazee kama Klaas waliachwa pamoja nasi. Sisi tukatupwa Altona, jirani na Hamburg, tukalala kwenye ukumbi wa shule, juu ya majani makavu. Rickmer alikuwa amebakiza wiki chache amalize miaka yake mitatu.

Mwisho wa mwezi huo huo Waingereza waliingia katika bahari yetu ndani ya ukungu, wakakutana na manowari za Wajerumani mbele ya Helgoland. Kasisi wa jeshi la maji ndiye aliyetuletea habari pale ukumbini. Alisema manowari ya Rickmer imezama, na kwamba kijana amekufa kishujaa mbele ya nyumba yao wenyewe. Nadhani alidhani inafariji. Nyumba ile haikuwa na mtu wala moshi. Na waliompiga walikuwa Waingereza wale wale ambao baba yake alizaliwa chini ya utawala wao, ambao manowari zao Mjomba alikuwa akiziongoza kupita kati ya miamba kwa fahari alipokuwa kijana.

Kasisi alipotoka, Stina alikunja mikono mapajani. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Baba Rickmer, ile tumbaku ilikuwa nzuri?"

Stina hakuuliza tena. Majira ya baridi ya njaa kubwa, tulipokula mizizi ya kulishia ng'ombe, alipata homa akafa, tukamzika Altona katika udongo usio wetu.

Vita vilipokwisha tulirudi. Nyumba zilikuwa zimekombwa, hata vitasa. Jasper naye akarudi kutoka kambini, amekonda, meno mawili hana, lakini alirudi. Klaas alimshika mwanawe pale ngazini akalia, na Mjomba akawapita kando, kifurushi begani.

Kisha wakaja maofisa wa Kiingereza kusimamia kubomolewa kwa ile bandari ya kivita. Hapo wazee wetu wakapata wazo. Wakati wa Waingereza hatukulipa kodi na hatukutoa askari, basi waombwe waturudishe kwao. Klaas ndiye aliyekuwa mbele. Akaja nyumbani kwa Mjomba, kofia mkononi.

"Bojen ndugu yangu, Kiingereza chako ndicho kilichonyooka. Tunakuomba uwe msemaji wetu. Wewe ukisema, watu husikiliza."

Nilidhani atamfukuza. Mjomba alivaa koti lake tu, akaenda.

Tulikuwa watu wengi pale juu ya ngazi, wanawake kwa wanaume. Ofisa mwenyewe alikuwa kijana mwenye nywele nyekundu, hana makuu. Mjomba alisimama mbele yake akamwuliza, kwa Kiingereza ambacho hata mimi nilikielewa, kama alikuwapo siku ile ya ukungu, mwezi Agosti. Ofisa alisema ndiyo, alikuwapo. Mjomba akamtajia jina la manowari, akamwuliza ilizamia wapi. Ofisa alinyoosha mkono kuelekea magharibi, akaeleza. Akasema waliwaokoa waliowaweza, akamwuliza kwa nini anataka kujua. Mjomba akamwambia. Yule kijana alivua kofia, akawa hajui aiweke wapi.

Nyuma yetu watu walianza kukosa subira.

"Bojen, bendera!" Klaas alinong'ona. "Mwambie habari ya bendera!"

"Mwambie tunamtaka Mfalme wao!"

"Sema basi, mzee, ataondoka huyo!"

Mjomba akageuka akawatazama mmoja mmoja, na macho yake yakaishia kwa Klaas na Jasper waliosimama bega kwa bega.

"Mwambieni wenyewe," alisema. "Kaisari alinichukulia mwanangu, Mfalme wao akamwua. Mimi sina mwingine wa kuwapa."

Akashuka ngazi peke yake.