Ukurasa wa Ipyana Ulipoganda

Mwanangu, siku ninayoikumbuka mvua ilikuwa inanyesha, ingawa kwa Tukuyu kusema hivyo ni sawa na kutosema kitu. Nakuita mwanangu kwa haki ya ujomba, si ya mvi.

Nilikuwa nimetoka chuo. Mimi na Ipyana, rafiki yangu tangu shule ya msingi Kisondela, tulishikwa na wazo lilelile: kuchukua injini ya sataranji, yaani programu inayofikiri na kucheza dhidi ya mtu, ambayo walioiandika waliiacha huria ili yeyote aisome na kuibadilisha, kisha tuifanye ikimbie ndani ya kivinjari. Mwanafunzi afungue ukurasa tu, acheze, bila kusakinisha chochote. Wazo moja, lakini kila mtu kwake. Soko huria lilikuwa limetufundisha kwamba anayewahi ndiye mwenye mali.

Ipyana akawahi. Ubao wake uling'aa, kete ziliteleza, na sekondari moja ikamwalika akaonyeshe Jumamosi. Kanisani wakamtangaza. "Chanda chema huvikwa pete," akasema mama, mama yangu mzazi, huku akinitazama mimi. Chai ikawa chungu mdomoni.

Alhamisi Ipyana akanipigia simu. "Ndugu yangu, injini ikianza kufikiri tu, ukurasa wote unaganda. Nikienda hivi nimeumbuka mbele ya shule nzima. Kwako inaganda?"

Kwangu haikuganda. Ubao wangu ulikuwa mbaya kama mlango wa choo, lakini injini nilikuwa nimeitenga ifikirie pembeni, iwe inatuma majibu tu, na ukurasa ukabaki huru.

"Ngoja niangalie," nikamjibu, nikakata. Roho ya kwa nini ilikuwa imenikaba. Kwa nini yeye?

Nikaenda kwa shangazi yangu, Tupokigwe. Nikamkuta migombani, amelowa, anachimbua chipukizi la kumpa jirani yake, Mama Asajile, ambaye kijiji kizima kinajua hawapatani.

"Mwavuli unao, jembe huna," shangazi alikuwa akimwambia.

"Chimba, dada. Usije ukanipa lililooza."

"Ningekuwa nalo ningekupa!"

Lakini aliyaruka machipukizi mawili yaliyonyong'onyea, akang'oa lenye afya kuliko yote. Kwetu anayeomba mbegu ya mgomba hanyimwi. Jirani akasema "Ndaga," akashukuru kwa shingo upande, akaondoka.

"Shangazi, umeshamsamehe?"

"Yule? Hata kidogo."

"Mbona umempa zuri?"

"Gwe, msomi, na mimi migomba hii niliomba kwa watu. Ningengoja moyo wangu upoe, si watoto wake wangelala njaa?" Akaniangalia vizuri. "Na wewe, kwa uso huo, umemnyima nani?"

Nikamweleza. Akacheka kwanza, jambo lililoniudhi.

"Hiyo injini aliitengeneza baba yako?"

"Hapana. Walitoa watu tu, hata siwajui."

"Basi nyanyuka, baba. Wivu wako nenda nao, hauna uzito."

Nilimbishia kimoyomoyo njia nzima, nikiwa nyuma ya bodaboda inayoteleza kwenye tope, maana wivu una uzito sana. Nikafika kwa Ipyana, nikamwonyesha jinsi ya kuitenga injini. Tukashinda naye Ijumaa yote tukijaribu. Jumamosi injini ikafikiri, ubao ukabaki hai, wanafunzi wakalipuka kwa kelele na kumbeba Ipyana juujuu. Alinitaja, lakini kelele zilimmeza. Nilipiga makofi, na wivu nilikuwa nao vilevile. Hata leo nikiufungua ukurasa ule, nikaona ulivyo mzuri, naumia.

Wahenga walisema kutoa ni moyo. Mimi nabisha, mwanangu. Moyo wangu ulikataa. Uliotoa ni mkono. Watakuambia ujitakase wivu kwanza ndipo utende mema, nawe utangoja mpaka uzeeke, na rafiki yako ataumbuka wakati wewe unajitakasa. Usingoje. Nenda nao huohuo, ukinuna ukipenda, ila fika kabla ya Jumamosi ya mwenzako. Na ulichopewa bure na usiowajua, usimnyime unayemjua.

Mungu akujalie marafiki wanaokuzidi, akupe na kifua cha kuwastahimili.