Zamu ya Sista Odilia

Mwaka alioanza shule, Odilia Anatoli alikuwa na miaka mitano na mikono mirefu. Hayo mawili ndiyo yaliyomponza, ingawa ilichukua karibu miaka arobaini kuonekana. Siku ya kuandikisha watoto, kule kwao Buhigwe, mwalimu aliwapanga ukutani akawaambia kila mmoja apitishe mkono juu ya kichwa ashike sikio la upande wa pili. Aliyelifikia alihesabiwa ana miaka saba. Odilia alikuwa amekuja tu kumsindikiza dada yake, lakini naye akajipanga, akapitisha mkono, akalishika sikio na kulivuta kabisa. Mwalimu akaandika kwamba amezaliwa 1973. Ukweli ni 1975. Baba yake, mzee Anatoli, alipoambiwa alifurahi, akasema mtoto ana haraka, mwacheni asome. Karatasi zote zilizofuata zikanakili mwaka ule ule.

Hadithi hiyo nilisimuliwa na Odilia mwenyewe tukiwa kwenye chai ya saa nne, na nilicheka mpaka nikamwaga kikombe. Naitaja mapema ili ijulikane kwamba niliifahamu. Sitaki mtu mwema anitetee baadaye kwamba sikujua.

Naitwa Gasper. Nilikuwa mganga mfawidhi wa hospitali ya moyo na mapafu iliyoko kilimani, ukitoka Kasulu kwenda Kibondo. Ina jina lake refu kwenye kibao, lakini watu wanaiita Kifuani. Ukiuliza jirani amelazwa wapi, utajibiwa, "Yuko Kifuani," na utaelewa. Odilia alifika pale 1999, ametoka tu chuo cha uuguzi, wakati ambao tulikuwa na wodi mbili za kifua kikuu na eksirei iliyofanya kazi ikijisikia. Madaktari waliletwa kutoka Tanga, Moshi, Mtwara. Walikaa mwaka, miwili, wakahesabu siku, wakapata uhamisho. Yeye alibaki.

Kipaji chake kilikuwa kusikiliza. Aliwasalimia bibi zetu kwa Kiha, "Mwakeye," akawauliza habari za shamba kwanza, na ugonjwa baadaye. Kisha aliweka stetoskopu kifuani, akafumba macho. Ukiwa karibu yake huku unaongea, hata kama ni mkubwa wake wa kazi, alikwambia bila kugeuka, "Nyamaza kidogo, Daktari, nasikiliza." Nilishaambiwa hivyo mara nyingi mbele ya wanafunzi, nami nikanyamaza. Akimaliza anasema vali ya kushoto, kile kilango cha moyo, haifungi vizuri, huyu aende Mwanza. Mgonjwa akirudi na barua ya Mwanza, nane katika kumi zilisema alichosema yeye.

Mwaka 2016 ikaja barua ya ufadhili. Wafadhili walikuwa wanatoa nafasi moja kwa hospitali kama yetu, daktari au muuguzi, kwenda Dar es Salaam miezi tisa kujifunza kupima moyo kwa eko, yaani ile mashine inayoonyesha moyo ukipiga kwenye kioo. Kulikuwa na ruzuku ndogo ya utafiti kwa atakayekwenda, na akihitimu, mashine yenyewe ingeletwa hospitalini kwake. Umri usizidi miaka arobaini na mitano. Na lazima mwajiri asaini.

Waliojaza fomu walikuwa wawili. Mmoja ni Daktari Mudathiri, kijana wa Tanga, mwaka wa pili kwetu, mke wake anafundisha Dodoma. Mwingine ni Odilia. Kwenye sehemu ya utafiti Mudathiri aliandika ukurasa mmoja mzuri wenye maneno makubwa. Odilia alibandika nakala ya daftari lake. Kwa miaka sita alikuwa akiandika majina ya watoto walioanza kwa kuumwa koo, wakaachwa bila dawa, wakaja kuletwa kwetu moyo umeshaharibika. Walikuwa sitini na mmoja, kila mmoja na kijiji chake, kuanzia Buhigwe mpaka Nyabibuye. Pembeni ya wengine alikuwa ameweka msalaba mdogo.

Sasa nisikilizeni nilivyofikiri, maana nilijiona nina akili. Mudathiri akiondoka, nitaletewa daktari mwingine. Odilia akiondoka, ni nani atakayeongea na bibi wa Gwarama asiyejua Kiswahili? Nani atashika wodi? Pengo la Mudathiri litakuwa dogo tu, la Odilia litakuwa kubwa. Basi aende yule ambaye kuondoka kwake hakuumizi. Katika hesabu hiyo yote sikujiuliza ni nani kati yao atakayerudi. Odilia alikuwa na nyumba yake, mama mzee na migomba yake umbali wa kutembea. Angerudi hata kwa miguu.

Nilimwita ofisini. Nilimsifu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nilimwambia, "Sista, wewe ndiye nguzo ya hospitali hii. Nikikuachia miezi tisa, nafunga wodi. Zamu ijayo ni yako, hata fomu hutahangaika, nitakujazia mwenyewe."

Mikono ile mirefu ilikuwa imeshikana mbele ya sare.

"Zamu ijayo ni lini, Daktari?"

"Wanasema ni kila baada ya miaka mitatu."

"Sawa," alisema, akarudi wodini. Nilimwona dirishani anavuka uwanja, nikajiambia kwamba amelipokea vizuri. Sikufungua faili lake kuangalia tarehe ya kuzaliwa. Faili lilikuwa kwenye kabati nyuma ya kiti changu.

Mudathiri alisoma, akafaulu, akarudi akakaa nasi miezi minne. Sina neno baya juu yake. Mke alijifungua Dodoma, akaomba kumfuata, akakubaliwa kama mtu yeyote angekubaliwa. Alituaga kwa adabu akalia kidogo. Wiki tatu baadaye lori likaleta mashine. Tuliipokea kwa shangwe, tukapiga picha nayo, kisha tukaifunika shuka la wodi kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuitumia. Ilikaa chumba cha mwisho, karibu na stoo ya magodoro. Odilia ndiye aliyekuwa akibadilisha lile shuka kila mwezi na kulifua.

Mwaka 2018 gari la kambi ya wakimbizi lilimleta Arielle, binti wa miaka kumi na moja, Mkongo wa Nyarugusu. Mama yake, Chantal, alikuwa anauza sabuni na chumvi kambini. Alimshika Odilia mkono hakuuachia.

"Mama, mutoto yangu anachokaka sana," alisema. "Kulala hapana. Anaikalaka tu kitako, anatafuta pumzi. Mumuangalie vizuri, miye niko naye huyu tu."

Odilia alisikiliza muda mrefu kuliko kawaida. Akasema vali imebana na inavuja pia, anahitaji upasuaji, na haraka. Tukaandika rufaa. Walioipokea walijibu kwamba foleni ni ndefu, tutume kwanza picha ya eko ili wajue wampange wapi. Hawakukosea, ndio utaratibu. Masikio ya muuguzi hayawekwi kwenye bahasha. Na kumsafirisha mpaka Mwanza kwa kipimo tu, kwa hali aliyokuwa nayo, asingefika. Mashine ya kutoa hiyo picha ilikuwa hatua arobaini kutoka kitanda cha mtoto, imefunikwa shuka safi.

Nilimpigia Mudathiri simu. Akasema anaweza kuja akiomba ruhusa, wiki ijayo. Akaomba ruhusa kweli, na wiki iliyofuata alikuwa njiani, amefika Tabora, Arielle alipofariki. Odilia alimkalisha mama yake kwenye benchi la nje wakakaa pamoja, kisha akaingia ndani kuandika jina kwenye daftari. Hakunilaumu. Nilitamani anilaumu, ningepata pa kujitetea.

Zamu ijayo ilikuja kama walivyoahidi, 2019. Nilikimbia nayo ile fomu mwenyewe hadi wodini, nimeshaanza kujaza. Jina nimeandika. Kazi nimeandika. Kwenye tarehe ya kuzaliwa nilimwomba anitajie, huku najua. Labda nilitegemea itakuwa imebadilika.

"Machi, 1973," alisema.

Arobaini na sita. Nilihesabu kwa vidole kama mtoto, ikaja ile ile.

"Lakini si kweli!" nilisema. "Una arobaini na minne. Ni ule mkono, Sista, ni ule mwalimu. Twende mahakamani Kasulu ukaape, turekebishe karatasi."

Alitabasamu, na tabasamu lile sitalisahau. "Hata cheti cha kuzaliwa nilichokatiwa ukubwani kinasema sabini na tatu. Shule sabini na tatu. Ajira, pensheni, sabini na tatu. Dirisha la maombi linafungwa baada ya siku kumi. Nitaapa nini, Daktari, na nani atanisubiri?" Kisha akasema kwa upole ule ule, "Mwaka ule nafasi ilipokuwa yangu hukuhitaji mahakama. Ulihitaji kalamu tu."

Akachukua fomu mkononi mwangu, akafuta jina lake kwa mstari mmoja, akaandika juu yake la Evaline, muuguzi kijana tuliyekuwa tumempokea kutoka Kakonko. "Huyu wa nyumbani," alisema. "Na ana masikio." Daftari la watoto nalo akampa aende nalo.

Evaline alichelewa kuondoka kwa sababu ya korona, akachelewa kumaliza, akarudi 2022. Siku aliyolifunua lile shuka tulijaa chumba kizima, saa sita mchana, mpaka wapishi walikuwepo. Alisafisha, akawasha, mashine ikaunguruma kidogo. Akasema anahitaji mtu wa kujaribia kabla ya kuleta mgonjwa. Wote wakanitazama mimi. Nilikuwa nimebakiza miezi mitano nistaafu, na nadhani walitaka kunitania.

Nikavua shati, nikalala kwa ubavu. Ute ule wa kupimia ni wa baridi sana. Evaline akaweka kipimo, akatafuta, kisha akasema, "Ndiyo huu."

Mimi sikuuona, kioo kilikuwa upande wao. Nilichoona ni uso wa Odilia. Alikuwa amesogea mbele ya wenzake wote, ameinama, macho wazi. Miaka ishirini na tatu alikuwa amesikiliza mioyo ya watu hawa kwa macho yaliyofumbwa, na hakuwahi kuuona hata mmoja ukipiga. Na wa kwanza kuuona ukawa wangu. Kulikuwa na mioyo mingapi katika wilaya hizi iliyostahili kutangulia! Evaline alimwonyesha vali kwa kidole, ikifunguka na kufungika, naye akawa anatikisa kichwa polepole, machozi yanamtoka hayafuti.

Maneno niliyokuwa nayo tangu 2016 yakanipanda. Nilitaka kuyasema mbele ya wote, wapishi wakiwemo. Nilitaka kumwambia kwamba nilimnyima kwa kuwa alikuwa hodari, na kwamba mtoto wa Chantal namkumbuka kila siku. Nikaanza.

"Sista Odilia, mwaka ule wa kumi na sita..."

Picha ikacheza. Hakugeuka.

"Nyamaza kidogo, Daktari," alisema. "Naangalia."

Nikanyamaza.