Nishani Kifuani mwa Babu

Juzi, katika duka la vitu vya kale hapa Saint Paul, ughaibuni, niliona nishani ya mfalme wa Wabelgiji imelazwa juu ya mahameli. Papo hapo ikanijia harufu ya sombe, ile mboga ya majani ya muhogo, iliyopikwa kwenye matanga ya babu.

Mchana ule maiti ya babu ilikuwa sebuleni, na wajomba walikuwa wamembandika kifuani nishani yake kama hiyo. Bibi akainyofoa, akaenda kuitupa chooni. Nilisikia ikigonga ukuta wa shimo.

“Hataenda kwa Mungu na hiyo,” alisema.

Nilidhani msiba umemvuruga akili. Mzungu hampi mtu nishani bure, niliwaza.

Kweli, hakumpa bure. Mama alikuja kuniambia ukubwani: babu aliwachapa kiboko waliokataa kulima pamba ya Wabelgiji, na mmoja aliyefia chini ya kiboko hicho alikuwa baba yake bibi.

Muuzaji aliniuliza kama ningependa kuishika. Nikatia mikono mifukoni.