Mgonjwa Ambaye Fomu Yake Ilikuwa Tupu

Nilibonyeza "Tafuta" bila kujaza kitu, mfumo ukaniletea mtu mmoja.

Hospitali ilikuwa na wagonjwa zaidi ya mia tatu, na fomu tupu ilitakiwa kuwaleta wote. Huyu mmoja hakuwa na jina, umri, jinsia wala makazi. Kitanda namba 14, basi.

Nywele zilinisimama, sikatai.

Mfumo niliuandika mwenyewe, kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Unachagua kwenye fomu: jinsia, umri, siku ya kuingia. Kila ulichochagua kinageuzwa kuwa sharti, masharti yanaungwa, kisha yanapelekwa kwenye hifadhidata kumtafuta mtu anayeyatimiza yote.

Kumbe nilisahau kuiambia kompyuta iruke pale palipoachwa wazi. Ukiacha wazi, nayo inatafuta mtu ambaye hakujazwa chochote.

Nikaongeza mstari mmoja. Wagonjwa wote wakatokea. Nikajiona fundi kwelikweli.

Yule wa kitanda 14 nilimuulizia kwa karani wa dharura.

"Kawaida hiyo, kaka. Mtu akiletwa hajitambui, tunahifadhi fomu tupu ili kitanda kihesabike. Tutajaza baadaye."

Nikaendelea na mambo yangu. Hiyo ilikuwa Jumanne.

Jumatano sista wa mapokezi alianza likizo fupi, nikakalia kiti chake ili niujaribu mfumo niliourekebisha na watu halisi. Akaja mama mmoja, viatu vimejaa vumbi.

"Mwanangu, namtafuta mume wangu. Alitoka Jumapili kununua betri za redio, hajarudi."

Nikachagua: mwanamume. Miaka sabini. Kuingia tangu Jumapili.

Hakuna.

"Hayupo hapa, mama."

"Una hakika?"

"Angekuwepo angetokea. Niachie namba ya simu, halafu kajaribu hospitali nyingine."

Akanishukuru, akaenda zake.

Jumatatu sista alirudi. Akaacha fomu wazi, akabonyeza, akaniita.

"Umefanya nini hapa, mbona wanakuja wote? Hivi ndivyo nilivyokuwa nawapata wasiojulikana. Ndugu akija, nafungua tupu, nampeleka kitandani amwangalie kwa macho yake."

Nilimsimulia habari za yule mama, tukaenda wodini mbiombio. Kitanda 14 kilikuwa kimetandikwa upya.

"Mzee alifariki Ijumaa," muuguzi akasema.

Nikampigia mama. Akaja, akamtambua mumewe chumba cha maiti. Nikamweleza yote: fomu ya mzee ilikuwa tupu, kwa hiyo kila sharti nililochagua lilimtupa nje. Sikuficha kitu.



"Siku ile nilimsikia akikohoa nyuma ya ukuta wa mapokezi," mama akasema. "Miaka arobaini nimelala na kikohozi kile. Ila wewe ulikuwa na hakika kuliko mimi, baba."

Hakupaza sauti. Afadhali angenitukana.

Sasa kila utafutaji unawaleta pia wasiojazwa, tena juu kabisa. Usingizi haujanirudia. Mtu akikohoa ofisini, nashtuka na kusimama bila kujua naenda wapi.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, chukua hili moja. Kabla hujamwambia mtu kwamba mtu wake hayupo, inuka ukaangalie. Kutoka kiti kile mpaka kitanda 14 ni hatua ishirini. Nimezihesabu.