Funguo Mfukoni mwa Mkaguzi

Yupo, mbona yupo. Humwoni kwa sababu unamtafuta juu. Inama kidogo, tazama chini ya lile gari kubwa jeusi lililo mbele ya foleni. Kofia ile na tochi, ndiye.

Ni saa moja asubuhi, na mstari wa magari umeshafika barabarani. Yeye yumo ndani ya shimo la kukagulia magari tangu geti lifunguliwe. Anagonga, anavuta, anachomeka mtaimbo karibu na tairi na kulisukuma gurudumu huku ametega sikio. Mafuta machafu yanamdondokea begani. Hapangusi. Angepangusa mangapi?

Wenzake hapa kituo cha ukaguzi wanamwita Marehemu, maana mchana kutwa yuko chini ya ardhi. Wanachungulia shimoni wakimuuliza Marehemu kaamkaje, naye anajibu kwamba huko aliko hakuna foleni. Miaka kumi na tisa ya shimo imempa kikohozi na magoti yanayolia kama bawaba. Mshahara tuuache, ungekuwa wa maana asingekuja kazini kwa miguu.

Mimi ni mjomba wake. Mama yake ni dada yangu, tumbo moja, na habari hii ni ya siku tuliyomzika. Au niseme siku aliyozikwa, maana sisi hatukumzika.

Hapa shimoni kuna desturi moja. Anayeshuka anachukua kwanza funguo za gari, anazitia mfukoni, ndipo anashuka. Asije mwenye haraka zake akaliwasha juu ya kichwa cha mtu. Hata aje mkubwa gani, funguo kwanza. Hilo lishike.

Sasa, Marehemu ana kaka yake, muuza saruji. Mwaka juzi kaka mtu alinunua shangingi, haya magari marefu ya kifahari, kiti kinapata moto chenyewe. Halikuwa jipya, lakini nani angejua? Dada yangu siku ya kwanza kulipanda alivua viatu.

Wenye magari haya wana imani kwamba kitu kizito na cha bei hakiharibiki. Marehemu haamini. "Uzito wote ule unalala kwenye vifundo vya mbele, vile vinavyoshika tairi," huwa ananiambia. "Gari dogo likiumwa linapiga kelele. Haya yamezibwa ndani, mtu hasikii kitu mpaka siku yenyewe." Mwezi uliopita alikagua kumi ya aina hiyo, akayarudisha manne. Mengine breki zimekwisha, mengine tairi zimelika upande wa ndani, ambako mwenye gari hainami kutazama.

Dada yangu alifariki jioni. Maziko yakapangwa kesho yake saa saba mchana, kijijini, na kutoka hapa ni safari ya saa nne. Stika ya ukaguzi ya shangingi ilikuwa imekwisha na barabara ile ina vizuizi vingi, kwa hiyo tukapita hapa kituoni kwanza. Ndani yumo kaka mtu, mkewe, watoto wao watatu na mimi. Mdogo mtu alikuwa anatungoja getini na nguo zake za msibani. Abandike stika, apande, twende. Ndiyo mpango.

Akanyoosha mkono, akapewa funguo. Akavua koti, akashuka.

Tukasikia mtaimbo mara moja, na tena. Halafu kimya. Akapanda ngazi, mikono myeusi, macho kayaweka chini.

"Hili haliendi," akasema.

Kifundo cha mbele kushoto kilikuwa kinacheza. Akatueleza kikichomoka njiani tairi linalala, na gari linakwenda linakotaka lenyewe. Kipuri hakipo mjini, mpaka kiagizwe. Kaka mtu akafungua mlango, akamwonyesha dashibodi nzima, hakuna taa ya hatari hata moja. Mdogo wake akamwambia taa haziangalii kule. Mkuu wa kituo naye akaja, akatupa pole, akashauri gari liachiwe tu, msiba ni msiba, twende mwendo wa pole.

"Nipe funguo zangu," kaka mtu akasema. "Mama anashushwa saa saba."

"Ni mama yangu pia, kaka."

Mkono wake ukabaki mfukoni. Kaka mtu akamkunja shati, nikaingia kati, watoto wakaanza kulia. Funguo hazikutoka.

Tulikwenda kwa lori la mchanga, baada ya kuhangaika sana kulipata. Kabla ya kufika tukakutana na watu wanarudi, majembe mabegani. Joto lile, hawakuweza kutungoja. Kaka mtu ndiye kifungua mimba, na dada yangu siku zote alisema huyu ndiye atakayenishusha. Aliishia kuweka kiganja juu ya udongo uliokwisha sawazishwa.

Chakula kilipopakuliwa kaka mtu akasema yeye hawezi kula palipo na mtu yule. Mdogo mtu akatoka, akakaa nyuma ya banda la kuni. Nilimpelekea sahani. Asubuhi niliikuta pale pale, imejaa sisimizi.

Ikawa hivyo miezi saba. Mimi nikamtafuta fundi aliyekifungua kile kifundo, nikamuuliza kama kingekatika siku ile. Akasema kingeweza kudumu mwaka, na kingeweza kukatika kwenye kona ya kwanza. Basi, hakuna zaidi. Ajali isiyotokea haina shahidi. Mpwa wangu yule hatajua kama aliokoa watu saba au alimnyima kaka yake mama bure.

"Kilicheza, mjomba," ananiambia kila tukikaa. "Nilikiona kinacheza."

Jana Jumapili nikawaita wote kwangu. Sikumwambia yeyote kwamba mwenzake anakuja. Uzee nao una ujanja wake. Wakakutana sebuleni, mmoja akaganda mlangoni, mwingine dirishani. Mke wangu akawaambia mchuzi hauna ugomvi na mtu, unapoa tu. Hakuna aliyekaa.

Ndipo mke wa kaka mtu akazungumza. Akasema leo hii, Jumatatu, wamepanga kwenda kaburini na watoto, na lile gari, ndilo hilo jeusi unaloliona, tangu litengenezwe halijakaguliwa chini na mtu anayemwamini yeye. "Mimi sipandi," akasema, "mpaka shemeji aliangalie."

 Mumewe akatoa funguo, akaziweka mezani, upande wa mdogo wake.

"Marehemu," akaita. Jina hilo la utani hakuwa amelitamka tangu msiba. "Kesho tunakwenda kwa mama. Na wewe. Liangalie kwanza."

"Na nikikuta kitu?"

"Tutapanda lori."

Marehemu akazichukua zile funguo, akazitia mfukoni. Kaka yake akavuta kiti, naye akavuta kingine, sote tukakaa, tukala. Chakula kilikuwa kimeshapoa.